Kutoka Islii hadi Kismayu: siku za kuwasikiliza Wasomali wakibishana

Jumatatu, 6 Februari 2023. Islii, Nairobi

Habari mbili ziliingia Islii asubuhi moja. Ya kwanza ni tetemeko la ardhi huko Uturuki, ya pili ni mizinga Las Anod. Katika mkahawa niliokuwa nimekaa, chini ya jengo la maduka ya nguo, wanaume walianza na Uturuki. Walisoma dua, wakaulizana nani ana mtoto anayesoma Ankara au Istanbul, na mmoja akaanza kuchangisha palepale kwa simu. Halafu wakahamia Las Anod, na sauti zikapanda.

Las Anod uko mkoa wa Sool, mashariki mwa ardhi ambayo Somaliland inaihesabu kuwa yake. Wenyeji wake wengi ni wa ukoo wa Dhulbahante, ambao ni tawi la Harti, ambao nao ni Darod. Somaliland, iliyojitangazia uhuru tarehe 18 Mei 1991, inaongozwa zaidi na ukoo wa Isaaq. Majeshi yake yaliuchukua mji huo mwaka 2007 kutoka mikononi mwa Puntland, jimbo jirani la Somalia. Mwishoni mwa Desemba mwanasiasa mmoja wa upinzani aliuawa pale, watu wakaandamana, wakapigwa risasi, na jeshi likatoka mjini mwezi uliopita. Leo magaraad, wazee wakuu wa Dhulbahante, wametangaza kwamba wao hawamo Somaliland, wanataka kuwa chini ya serikali ya shirikisho ya Mogadishu. Vita vimeanza siku hiyohiyo.

Kijana mmoja muuza simu, mzaliwa wa hapahapa Islii, alimkabili mzee wa Burao, mji wa Somaliland. "Adeer, nyinyi mlijitenga na Mogadishu kwa kuwa hamkutaka kutawaliwa msivyopenda. Sasa sisi tukisema hatuwataki, kosa letu liko wapi?"

Mzee hakupandisha sauti. "Mwaka 1988 ndege za Rais Siad Barre ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa zikaipiga Hargeisa yenyewe. Nilikuwepo. Siku ile watu wako walikuwa wapi?"

Nilikaa pale hadi adhuhuri. Kila mmoja alikuwa na jeraha la kweli, na kila mmoja alilitumia jeraha lake kufunika la mwenzake. Kijana yule hajawahi kukanyaga Las Anod, lakini alikuwa ameshatuma dola hamsini za kununulia dawa za majeruhi. Kwetu Mombasa husemwa kwamba ukoo ndio ugonjwa wa Wasomali. Mimi naanza safari hii nikilipinga neno hilo, na ninayoyaandika hapa yote yanaelekea huko. Ukoo ndio uliolipia hospitali leo. Ndio unaolipa diya, fidia ya damu, mtu akiua, ndio unaomsafirisha yatima, ndio unaojua nani amepotea njiani kwenda Libya. Mtu hawezi kuambiwa aitupe bima pekee aliyonayo wakati hajapewa nyingine.

Jumanne, 7 Februari. Mogadishu

Ndege ya asubuhi. Kabla ya kutua unaona bahari safi ya buluu, mchanga mweupe, halafu ukuta juu ya ukuta. Upande mmoja wa uwanja ni Halane, kambi ya Umoja wa Afrika na makazi ya mabalozi na mashirika. Wageni wengi wanaoandika ripoti kuhusu Somalia hulala humo na kutoka kwa magari ya chuma, wakitoka. Wiki iliyopita, tarehe mosi, Rais Ruto, Abiy Ahmed wa Ethiopia na Ismail Omar Guelleh wa Djibouti walikuja kukutana na Rais Hassan Sheikh Mohamud kuhusu vita dhidi ya al-Shabaab. Mji ulifungwa siku hiyo. Mwenyeji wangu anasema mamake alikosa kwenda kliniki.

Jumatano, 8 Februari. Hamarweni

Hamarweni ni mji wa kale wa Mogadishu, na Shangani iko jirani yake. Jina hilo la pili halihitaji mkalimani kwa mtu wa pwani yetu. Vichochoro ni vyembamba, kuta za matumbawe zimetobolewa na risasi za vita vya miaka mingi, na chini yake wanawake wanauza dhahabu, udi na mafuta ya nywele. Nilimsikia bibi mmoja akimsemesha mjukuu kwa Chimwini, lugha ya watu wa Barawa, na niliyaelewa maneno yake karibu yote.

Mkutano wetu ulikuwa ghorofani kwa mfanyabiashara wa saruji. Alikuwepo mwalimu wa sekondari na binti mmoja mwanasheria. Mwenyeji wangu alikaa karibu nami kunifasiria pale Kisomali kilipokimbia. Chai ilikuwa nzito ya iliki na tangawizi. Nilidhani tutazungumzia Las Anod tena, lakini mwalimu alitupeleka 2006.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu," alisema. "Kabla ya mwaka ule, kutoka nyumbani hadi shule nilipita vizuizi vya wababe wa vita, na kila kimoja nililipa. Mahakama za Kiislamu zikaja Juni, zikaushika mji, vizuizi vikaondoka. Uwanja wa ndege ukafunguliwa, bandari ikafunguliwa, baada ya zaidi ya miaka kumi. Nilitembea usiku na simu mkononi."

Mfanyabiashara akamkatiza. "Usiwapambe, walaal. Walifunga kumbi za kuonyeshea mpira watu wakiwa na hamu ya Kombe la Dunia. Walichapa watu. Na mahakama zile za kwanza zilikuwa za koo: kila moja na mitaa yake, na wapiganaji wake, na wazee wake."

"Ndiyo," akasema mwalimu, "na ndiyo maana zilifaulu. Mwizi wa ukoo wangu alihukumiwa na ukoo wangu, hapakuwa na kisasi."

Binti yule alingoja hadi wote wawili wakanyamaza. Akasema yeye alikuwa mtoto mwaka ule, ila ameusoma kama watu wanavyosoma faili ya kesi. Marekani ilitoa fedha kwa wababe wa vita ili wawasake washukiwa wa ugaidi, na watu wa mji wakazidi kuzikimbilia Mahakama. Mahakama zikashinda. Ndani yake kulikuwa na masheikh wa kila aina, na kikosi kimoja cha vijana wenye msimamo mkali, kidogo kwa idadi, kilichoitwa al-Shabaab. Desemba Ethiopia ikaingia na vifaru kuisaidia serikali ya mpito iliyoundwa Kenya, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa imefika Mogadishu. "Masheikh wenye kuzungumza walikimbilia Asmara. Waliobaki na bunduki ni wale vijana. Mliwaondoa wazee mezani, mkabaki na watoto wao."

Aliposema "mli" alinitazama mimi. Mimi si Mhabeshi, lakini kwake jirani ni jirani.

Naamini yuko sahihi, na sisemi hivyo kwa adabu ya mgeni. Miaka ya 2007 na 2008 mamia ya maelfu ya watu walitoka katika mji huu kwa miguu na punda kuelekea Afgooye. Jeshi la Ethiopia lina historia na Wasomali, kuna vita vya Ogaden vya 1977, na kuliingiza Mogadishu kulilipatia kundi dogo la vijana kile ambacho halikuwa nacho, yaani haki ya kujiita watetezi wa nchi. Ethiopia ilipoondoka Januari 2009 al-Shabaab walikuwa wanashika sehemu kubwa ya kusini. Aliyechaguliwa rais mwezi uleule, huko Djibouti, ni Sheikh Sharif Ahmed, aliyekuwa kiongozi wa Mahakama. Maelfu walikwisha kufa ili mtu yuleyule arudi kwa mlango mwingine.

Mfanyabiashara hakukubali. Anasema bila askari wa Uganda na Burundi, waliofika 2007 na kufa mtaa kwa mtaa hadi al-Shabaab wakatoka mjini Agosti 2011, leo tusingekuwa tumekaa ghorofani tukinywa chai. Nalo hilo ni kweli. Nimeandika yote mawili kwa sababu mji huu unaishi nayo yote mawili.

Alhamisi, 9 Februari. Mogadishu

Asubuhi dereva wa bajaji alinipitisha Zobe, makutano ambako lori la mabomu liliua zaidi ya watu mia tano tarehe 14 Oktoba 2017, na ambako magari mengine mawili yalilipuka Oktoba iliyopita nje ya Wizara ya Elimu. Hakusimama. Alionyesha kwa kidevu na kuongeza mwendo.

Dereva huyu ni Jareer, wanaoitwa pia Bantu wa Somalia. Mababu zake waliletwa kama watumwa katika karne ya kumi na tisa, baadhi yao kutoka Tanzania, na hadi leo kuna vijiji vya bonde la Juba vinavyozungumza Kizigua. Nilimuuliza kuhusu nne na nusu. Akacheka kidogo, kisha akawa na hasira kabisa.

Nne na nusu ndiyo hesabu ya koo kugawana madaraka tangu mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000. Darod moja, Hawiye moja, Dir moja, Digil na Mirifle moja. Waliobaki wote wanapewa nusu. Jareer, Wabenadiri, watu wa Barawa, Wabajuni, wote wamo katika nusu hiyo. Baraza la chini la bunge lina viti 275 na vimegawanywa kwa hesabu hiyo. Katika uchaguzi uliomalizika mwaka jana kila kiti kilichaguliwa na wajumbe 101, wajumbe wenyewe wakaidhinishwa na wazee na wakubwa wa majimbo, na wabunge hao, pamoja na maseneta, ndio waliomchagua Hassan Sheikh tarehe 15 Mei.

"Mimi ni nusu ya mtu," alisema dereva. "Imeandikwa. Binti yangu akisoma hadi chuo kikuu atakuwa nusu ya mtu mwenye digrii."

Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kwa wengine, lakini halikuwahi kunigusa hivi. Kijijini kwao, karibu na mto Shabelle, al-Shabaab hawaulizi wewe ni wa ukoo gani wanapokupa kazi. Wanawachukua watoto kwa nguvu pia, na mpwa wake alichukuliwa hivyo. Lakini Jareer anaweza kuwa kamanda kwao. Kwa serikali hawezi.

Mchana nilikutana na mama mmoja mwenye kiwanja pembeni mwa mji, njia ya Afgooye. Kiwanja kilinyakuliwa na afisa mwenye ukoo mkubwa. Alikwenda mahakama ya serikali, akaambiwa alete hiki na kile, mwaka ukapita. Akapanda basi, akaenda nje ya mji kwa mahakama ya al-Shabaab. Kesi ilisikilizwa mara mbili. Afisa aliitwa kwa simu, naye akaitikia, kwa kuwa anajua asipoitikia watamfikia ofisini. Mama alipata kiwanja chake. Anawachukia, walimuulia kaka yake kwenye hoteli ya Maka al-Mukarama. Aliyasema yote mawili kwa pumzi moja huku akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, na sikuona kwamba alijipinga.

Ndivyo pia ilivyo kwa ushuru. Mwenye lori analipa kizuizi cha al-Shabaab mara moja na kupewa risiti, nayo inaheshimiwa hadi mwisho wa safari. Vizuizi vya wanaovaa sare za serikali ni vingi, na hakuna kinachotambua risiti ya kingine. Tangu mwaka jana serikali imekataza kuwalipa al-Shabaab na imefunga akaunti. Wenye maduka wanasema: sawa, lakini usiku huo nani atalala mlangoni kwangu?

Ijumaa, 10 Februari

Baada ya sala tulikula bariis na mbuzi kwa jamaa wa mwenyeji wangu. Kulikuwa na mtu wa mkoa wa Hiiraan, wa ukoo wa Hawadle, aliyepigana upande wa Ma'awisley, raia wenye silaha wanaovaa kikoi kama wakulima na wafugaji wavaavyo.

Kwao ukame ulikuwa umefika msimu wa tano bila mvua. Al-Shabaab walidai zaka ya ngamia kwa watu ambao ngamia zao zilikuwa zimekufa. Walilipua visima. Septemba wakachoma malori ya chakula na kuua madereva na abiria. "Wazee walikaa chini ya mti siku moja tu. Kila nyumba ikatoa mtu na bunduki. Serikali ilikuja baadaye, tukiwa tumeshaanza."

Hapa ndipo wanaosema ukoo ni ugonjwa wanapaswa kunyamaza kidogo. Vijiji vilivyokombolewa tangu Agosti vimekombolewa na koo, jeshi na ndege za Marekani na za Uturuki zikifuata. Mwezi uliopita wamefika hadi Haradhere, pwani.

Lakini nilimuuliza nini kitatokea bunduki zikibaki. Alitafuna kwanza. Akasema kuna vijiji ambavyo ukoo wao hauwezi kuingia hata kuwakimbiza al-Shabaab, maana wenyeji watadhani wamekuja kuchukua malisho. Wanasimama mpakani wakiwatazama adui wakipita. "Hilo ni la serikali. Sisi hatuliwezi."

Jumamosi, 11 Februari. Kismayu

Nimefika kwa ndege ndogo. Kwa barabara ni kilomita kama mia tano, na njia iko mikononi mwa al-Shabaab. Joto, upepo, harufu ya samaki. Nimelala mapema.

Jumapili, 12 Februari. Kismayu

Ukitaka kuelewa kwa nini sheria ya nani-anamuunga-mkono-nani haikai sawa Somalia, tazama maisha ya Ahmed Madobe, rais wa Jubaland, jimbo hili la kusini. Mwaka 2006 alikuwa mkubwa wa Mahakama za Kiislamu hapahapa. Januari 2007 alijeruhiwa katika shambulio la ndege za Marekani, akachukuliwa Ethiopia na kufungwa. Akatoka, akapigana na al-Shabaab kugombea mji huu mwaka 2009 na kushindwa. Kenya ilipovuka mpaka Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, kikosi chake cha Ras Kamboni kiliingia nayo, na mwishoni mwa Septemba 2012 Kismayu ikaanguka. Yeye ni wa ukoo wa Ogaden, na ng'ambo ya mpaka, Garissa, Ogaden ni wengi na wana sauti Nairobi. Mwaka 2019 alipochaguliwa tena Mogadishu ilikataa, Addis Ababa ikasimama na Mogadishu, Nairobi ikasimama naye. Majeshi ya nchi mbili zilizo katika kikosi kimoja cha Umoja wa Afrika yalikuwa na marafiki waliokuwa maadui.

Naandika hili kama Mkenya, na linaniuma. Tuliambiwa jeshi letu linakwenda kuwafuata watekaji nyara. Baada ya muda mfupi lilikuwa limekuwa ukoo mmojawapo wa Jubaland, lenye bandari ya kulinda na rafiki wa kumlinda. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba mkaa uliendelea kusafirishwa kutoka hapa hata baada ya Baraza la Usalama kuupiga marufuku Februari 2012. Serikali ya Kenya ilikana kuhusika. Wamarehan wa mji huu, ukoo mwingine wenye nguvu hapa, waliuona ushindi wa Kenya kuwa ushindi wa Ogaden. Vijana wetu waliouawa El Adde tarehe 15 Januari 2016 walikuwa kambini mkoani Gedo, nchi ya Wamarehan, na idadi yao kamili wananchi hawajaambiwa rasmi hadi leo.

Alasiri nilikwenda ufukweni kwa Wabajuni. Mzee mmoja alikuwa akishona wavu, uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu. Alipojua natoka Mombasa aliniambia, "Karibu mwanangu, hapa ni kwenu." Watu wake wamekuwa hapa na visiwani Chula, Koyama na Chovai tangu kabla hapajaitwa Somalia. Mwaka 1991 na 1992 kila jeshi la ukoo lililoingia lilipora mashua na nyumba, na Wabajuni, wasiokuwa na wanamgambo, walikimbia kwa majahazi. Yeye aliishi kambini Mombasa miaka mitano. Kambi zilipofungwa alirudi, akakuta nyumba ya babake ina wenyewe.

Nilimuuliza kuhusu jeshi la Kenya. Alifikiri kwa muda, mikono ikiendelea na kazi.

"Walipokuja al-Shabaab waliondoka, alhamdulillahi. Mwanangu hachapwi tena kwa kunyoa ndevu. Lakini walimkabidhi mji mwenye bunduki, na mwenye bunduki si mimi. Walikaa na wazee wa kila ukoo ulioshika silaha. Sisi hatukuitwa, kwa kuwa hatujaua mtu."

Nilimwambia kwamba majeshi ya Umoja wa Afrika yamepangiwa kuondoka mwisho wa 2024. Akasema anayo habari. Waondoke, anasema, nchi ni ya wenyewe. Anachotaka ni kujua kabla hawajaondoka nani atasikiliza kesi ya nyumba ya babake, maana al-Shabaab wameshatuma ujumbe kwamba wao wako tayari kuisikiliza.

Jumatatu, 13 Februari. Angani, kurudi Nairobi

Jirani yangu wa kiti ni mama wa Garissa, mwuza vitambaa, mwenye kitambulisho cha Kenya tangu ujana wake. Alinisikiliza nikimsimulia niliyoyaona, kisha akaniambia sijamaliza safari, maana Wasomali wa Kenya sijawauliza.

Alimpoteza mtoto wa jirani Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, miongoni mwa watu 148. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika msako wa Aprili 2014 uliofuatia mashambulio ya Nairobi, alikamatwa Islii na kuwekwa uwanja wa Kasarani pamoja na maelfu ya wengine. Kasarani hiyohiyo ndiko wabunge wa Somalia walikomchagua Abdullahi Yusuf kuwa rais wao, Oktoba 2004. Mama huyu alitolewa siku ya tatu. Binamu zake walichangishana, wakamlipa wakili, wakaleta chifu wa kwao ashuhudie kwamba ni Mkenya. "Ukoo ndio ulionitoa. Serikali niliyoipigia kura ndiyo iliyonifungia."

Nikamuuliza kama binamu zake wangemchangia mwanamke wa ukoo mwingine. Hakujibu haraka. Akasema siku ile wakili alipewa majina saba ya waliokamatwa, na mawili si ya Ogaden kabisa, moja ni la Degodia na moja la Garre. Hakuna aliyeuliza nani atalipia lipi, kwa sababu waliowakamata hawakuwa wameuliza ukoo wa mtu yeyote. Wale wawili wangali wanamjia dukani hadi leo, na mtoto wa yule Mdegodia amemwoa mpwa wake, wazee wa pande zote wakiwa wamekataa kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali.